Kadhi Tuliyemwacha Pwani

Vitabu vitatu tunavyovizungumza hapa si vipya, na huenda msomaji wetu anacho kimojawapo nyumbani kwake. Pronouncing and Persevering cha Susan Hirsch kilichapishwa Chicago mwaka 1998. An Islamic Court in Context cha Erin Stiles kilitoka mwaka 2009. Cha mwisho, Islamic Law, Gender, and Social Change in Post-Abolition Zanzibar cha Elke Stockreiter, kilitolewa na Cambridge mwaka 2015. Vyote vinahusu mahkama za makadhi katika pwani yetu, na vyote vimeandikwa na wanawake wa kigeni waliojifunza lugha yetu kabla ya kuanza kutuandika.

Tumevirudia kwa sababu ya maneno tuliyoyasikia hapa Rockville mwaka jana, baada ya khitma, watu wamekwisha kula na chai ya tangawizi inazunguka. Mama mmoja wa makamo alikuwa akimweleza shangazi yake hali yake. Mahkama ya hapa imemtenga na mumewe kwa hukumu iliyotiwa muhuri, lakini mume, ambaye siku hizi anaishi Muscat, amekataa katakata kutamka talaka. Anasema karatasi ya Rockville haimhusu. Mke ni wake mpaka yeye mwenyewe aseme. Mzee mmoja, mtu mwenye heshima zake, aliyeondoka Unguja akiwa kijana baada ya Mapinduzi, akaingia kati kwa upole: "Mwanangu, kwetu mwanamke hakuwa akidai talaka. Talaka ni ya mume. Asipotoa, mtu husubiri." Watu wakaitikia kwa vichwa. Hakuna aliyembishia, nasi pia tulinyamaza.

Hatuna shaka na nia ya mzee wetu. Lakini maneno yake yana sehemu mbili, na inafaa zitenganishwe. Kusema talaka ni ya mume ni kauli ya fiqhi, na wenye elimu yake wapo. Kusema kwetu mwanamke hakuwa akiidai ni kauli ya historia, na historia ina majalada. Hiyo ya pili ndiyo kazi ya jarida hili.

Kwanza tuseme neno juu ya upande wa serikali, maana huku ukaidi wa mume hauna nguvu kama watu wanavyodhani. Rockville ndiyo makao ya Kaunti ya Montgomery, na kesi za ndoa za kaunti nzima husikilizwa katika mahkama iliyopo mjini humu. Tangu tarehe 1 Oktoba 2023 sheria ya Maryland imeacha zile sababu za zamani za kumtia mwenzio makosani, kama uzinzi na ukatili. Zimebaki tatu: wote wawili kuridhiana, kutengana kwa miezi 6, au kutokuelewana kusikoweza kutengenezeka. Mbili za mwisho hazihitaji ridhaa ya mwenzio, na huko kutengana kunahesabika hata mkiwa chini ya paa moja, maadamu kila mmoja anaishi maisha yake. Karatasi za madai hazipelekwi na mdai mwenyewe, bali na sherifu au mtu mzima mwingine asiyehusika na kesi. Mdaiwa akijificha, hakimu anaweza kuruhusu njia nyingine ya kumfikishia habari. Akishazipata, ana siku 30 za kujibu akiwa Maryland, 60 akiwa katika jimbo jingine, 90 akiwa nje ya Marekani. Asipojibu, kesi huendelea bila yeye. Tunayaandika haya kwa urefu kidogo kwa sababu tumekutana na wanawake, na wanaume pia, walioishi miaka mingi wakiamini kwamba bila ya saini ya mwenzio hapana kitu.

Ugumu uko kwingine. Hakimu wa Rockville anaweza kuivunja ndoa iliyoandikishwa serikalini, lakini hawezi kumwamuru mtu atamke talaka. Katiba ya nchi hii inamkataza kuingia katika ibada za watu. Mama wa kwenye khitma ana hukumu mkononi, na bado katika macho ya jamaa zake, na pengine katika moyo wake, ni mke wa mtu. Hawezi kuanza kuhesabu eda. Akiposwa hajui ajibu nini.

Sasa vitabu. Hirsch alikaa katika mahkama za kadhi za Malindi na Mombasa katika miaka ya 1980, akisikiliza na kurekodi. Jina la kitabu chake limejengwa kwa vitendo viwili, kutamka na kuvumilia: mwanamume hutamka, mwanamke huvumilia. Ni picha ileile ya mzee wetu. Lakini Hirsch ameiweka picha hiyo mlangoni ili aivunje ndani. Wengi wa waliofungua madai mbele ya kadhi walikuwa wanawake, na mara nyingi walishinda. Tena walishinda kwa kuutumia uvumilivu wenyewe. Mwanamke anayeanza kwa kusema amevumilia tayari ameshaingia katika kushtaki, kwa kuwa kila jambo alilolistahamilia linakuwa ushahidi dhidi ya aliyemstahamilisha. Katika hadhi ya nyumba zetu, kutoa siri za ndani ni aibu. Mbele ya kadhi kunageuka kuwa wajibu, kwani kadhi hawezi kuhukumu asilolisikia. Hirsch haifichi gharama yake pia: mwanamke hupata haki yake akarudi mtaani na jina la msemaji.

Tulipokisoma mara ya kwanza tulichoshwa na sura zake za isimu, na mara ya pili tumezipita kwa haraka. Aliyelelewa katika lugha hii anajua bila ya jedwali kwamba "yeye huyu" inayosemwa mahkamani si "yeye huyu" ya jikoni. Lakini kazi yenyewe ni ya mtu aliyesikiliza kweli. Mwaka uleule kitabu kilipochapishwa, tarehe 7 Agosti 1998, mumewe, mtu wa pwani ya Kenya, aliuawa katika mripuko wa ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, na baadaye Hirsch akafundisha Chuo Kikuu cha George Mason, ng'ambo ya pili ya mto Potomac kutoka kwetu. Baadhi yetu tumewahi kupishana naye bila ya kujua ni nani.

Stockreiter ndiye anayetuhusu zaidi sisi watoto na wajukuu wa Zanzibar, kwa sababu watu wake ni bibi zetu. Amefanya kazi katika majalada ya mahkama za makadhi wa Zanzibar, ya zama za ulinzi wa Waingereza, baada ya utumwa kukomeshwa kisheria mwaka 1897. Makadhi walikuwa wa Kisunni wa madhehebu ya Shafi na wa Kiibadhi, wakikaa chini ya Sultani na chini ya jicho la Mwingereza. Mbele yao wanapita wanawake wa nyumba kubwa za Kiarabu, wanawake wa Kiswahili wa mjini na shamba, na wanawake waliokuwa watumwa au mabinti wa watumwa. Wanadai matumizi, wanadai mahari iliyobaki, wanadai nyumba na mashamba yao. Na wanadai kutoka katika ndoa.

Hapo ndipo mtu anapoanza kuelewa maana ya mume kukataa. Njia iliyotumika sana ilikuwa khului: mke anasamehe mahari au anatoa mali, na mume anatoa talaka. Katika madhehebu ya Shafi khului haipiti bila ya mume kukubali. Kwa hiyo kukataa kwake mara nyingi hakukuwa mwisho wa mazungumzo. Kulikuwa ni bei. Ukisoma kwa makini unaona kiasi kikipanda na kushuka kama mnadani. Hatusemi hivi kuwadhihaki wazee wetu. Tunasema kwa sababu wapo vijana hapa wanaodhani kwamba mume anayemwambia mkewe "nirudishie gharama zangu zote ndipo nikuache" ni bidhaa ya Marekani.

Kasoro ya majalada ni kwamba karani ameyameza maneno. Tunajua nani alidai nini na nani alipewa nini, lakini usiku wa kuamkia siku ile hatuujui, wala sauti ya mdai. Stockreiter ni mwanahistoria mwangalifu na hajaribu kuijaza nafasi hiyo kwa kubuni. Msomaji atakayemsoma pamoja na Hirsch atapata kwa mmoja kinachokosekana kwa mwingine: huku sauti, huku miaka.

Stiles tumemwacha mwisho, ingawa kitabu chake ndicho chenye unyenyekevu kuliko vyote, na huenda ndicho chenye faida zaidi kwa swali letu. Alikaa Mkokotoni, kaskazini mwa Unguja, katika mahkama ya kadhi mmoja anayemwita Sheikh Haji, na akajiuliza jambo moja tu: kadhi huyu anafikiri vipi? Jibu lililotukaa ni kwamba kabla ya kuuliza ndoa ivunjwe kwa njia gani, Sheikh Haji anauliza kosa ni la nani. Ikiwa mke ndiye asiyetaka tena na mume hakukosea, basi ni khului, na mke anagharimia. Lakini mume akiwa hakutoa matumizi, hakumpa mke pa kukaa, amemtupa, basi kwa nini mke anunue anachostahiki? Hapo kadhi anavunja ndoa mwenyewe kwa faskhi, na mume akipenda akatae.

Hatutaki msomaji adhani kwamba mlango huo ulikuwa mpana. Minhaj ya Imamu Nawawi, ambayo makadhi wa pwani walikuwa wakiirejea, inaibana faskhi: mume kushindwa kumlisha mke, maradhi na aibu fulani za mwili, na mengine machache. Hata wale waamuzi wawili wanaotajwa katika aya ya 35 ya Suratun Nisaa, Mashafi wengi wanawaona kuwa ni mawakili wa mume na mke, wasioweza kutenganisha bila ya idhini, ilhali Wamaliki wanawapa mamlaka ya kutenganisha. Kwa hiyo mzee wetu hakubuni. Alikumbuka sheria kama ilivyo katika mstari wa kwanza wa sura ya talaka. Wengi wetu ndivyo tulivyofundishwa, chuoni au katika kijitabu cha Sheikh Abdulla Saleh Farsy cha ndoa na talaka, ambacho hakikosekani katika kabati za nyumba zetu. Tunachosahau ni kwamba Sheikh Farsy mwenyewe alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu mwaka 1968, na kwamba kazi yake ya mchana ilikuwa kuwaita waume waliokataa kuitwa.

Maana kadhi ni benchi, karani, jalada, hati ya wito, na askari wa kuipeleka hati hiyo. Haki ya mume kutamka haihitaji mzigo wowote, inasafiri mdomoni. Sisi tulipoondoka, kwa jahazi, kwa meli au kwa ndege, tuliichukua haki ya mume tukafika nayo Muscat, Dubai, London na Rockville, na yule wa kumzuia mume tukamwacha pwani. Kisha, baada ya miaka 60, tukaanza kusimulia kana kwamba hakuwahi kuwapo. Imamu wa msikiti wa hapa ni mtu mwema na anatoa nasaha nyingi, lakini hana wito wa kumpelekea mtu aliye Muscat, wala aliye Gaithersburg, dakika chache tu kutoka hapa.

Upande wa pili wa jambo hili ulionekana katika kaunti hii hii. Mwaka 2003 mke mmoja, yeye na mumewe wakiwa watu wa asili ya Pakistan, alifungua kesi ya ndoa katika mahkama ya Montgomery. Mume hakukataa talaka, aliikimbilia. Kesi ikiwa bado inaendelea, alikwenda katika ubalozi wa Pakistan mjini Washington akaandika talaka tatu, kisha akasema ndoa imekwisha kwa sheria ya kwao na mahkama ya Maryland haina la kugawa. Lililokuwa nyuma ya pazia ni kiinua mgongo chake cha Benki ya Dunia. Mwezi wa Mei 2008 Mahkama ya Rufaa ya Maryland, ambayo siku hizi inaitwa Mahkama Kuu ya jimbo, ilikataa kuitambua talaka ile: haki ya kuacha aliyonayo mume peke yake haipatani na usawa uliomo katika katiba ya jimbo. Majina ya wahusika yamo katika hukumu iliyochapishwa, na anayetaka atayapata. Yule mume na huyu wa Muscat wanafanana kuliko wanavyoonekana. Mmoja ametamka na mwingine amekataa kutamka, na wote wawili wameona kwamba ulimi wao unatosha kuwa mahkama.

Kuhusu huyu wa Muscat, kuna jambo linalotuchekesha kidogo. Anaidharau hukumu ya Rockville kwa kuwa si ya kadhi, naye amekaa katika nchi yenye makadhi. Sheria ya hali za kibinafsi ya Oman, Amri ya Sultani namba 32 ya mwaka 1997, inampa mke njia ya kumwomba kadhi amtenge na mumewe kwa madhara, kwa kunyimwa matumizi, au kwa mume kughibu. Mambo mawili kati ya haya matatu yamo katika malalamiko ya mama wa khitma. Jamaa zake walipomshauri asubiri, hakuna aliyemshauri amtafute wakili Muscat.

Wanavyuoni wa leo hawakubaliani juu ya thamani ya hukumu ya nchi hizi. Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti limeona kwamba aliyeoa chini ya sheria za nchi amekubali kimyakimya hakimu wake aivunje ndoa hiyo. Majopo ya Marekani yamekuwa na tahadhari zaidi, yakitaka mwanamke aipeleke hukumu yake mbele ya wenye elimu katika kituo cha Kiislamu wammalizie. Sisi si mamufti. Tunachoweza kusema ni kwamba wote hawa, kila mmoja kwa njia yake, wanajaribu kuijaza nafasi ya kadhi. Hakuna hata mmoja wao anayesema mwanamke akae hivyo hivyo.

Qurani ina neno la hali hiyo, katika aya ya 129 ya sura hiyo hiyo: mke aliyeachwa kama kitu kilichotundikwa. Majirani zetu Mayahudi wa Montgomery wana neno lao, aguna, aliyefungwa minyororo, kwa mwanamke ambaye mumewe amekataa kumpa hati ya talaka ya dini. Wao wamekwisha lifanyia kazi. New York ilitunga sheria juu ya jambo hili mwaka 1983, na marabi wakabuni mkataba wa kabla ya harusi unaomlazimu mume kulipa matumizi kwa kila siku anayochelewesha hati. Sisi hatuna haja ya kuazima. Malaysia, watu wa madhehebu yetu ya Shafi, wana taaliki: siku ya ndoa mume anakiri kwamba akimtelekeza mke au akimnyima matumizi kwa muda uliotajwa, na mke akalithibitisha hilo kwa kadhi, basi talaka imepita. Ulimi wa mume umetumika, kwa ridhaa yake, siku ambayo anacheka. Pwani pia talaka yenye sharti ilikuwa ikijulikana, ingawa wengi wameijua kwa ubaya wake tu, mume anapomtishia mke asitoke nyumbani.

Lawama yetu kwa vitabu hivi vitatu ni moja, nayo ni ya haki nusu tu. Vyote vinakomea ufukweni. Hakuna sura inayomfuata mwanamke wa Malindi hadi Jeddah, wala wa Mkokotoni hadi Muscat, wala jalada la Zanzibar hadi sanduku la bati lililo chini ya kitanda Rockville. Waandishi walikuwa na kazi zao na wamezitimiza. Hati za ndoa na za khului, barua za mawakili, karatasi za makadhi zilizokunjwa ndani ya misahafu, hizo ziko kwetu, na zinatupwa kila mwaka nyumba zinapohamwa na wazee wanapofariki.

Kitabu cha Stockreiter tulimwazima mzee wetu. Alikaa nacho wiki tatu. Alipokirejesha hakusema kama amekubali au amekataa. Alituuliza kama majalada ya Kilimani yanaweza kutafutwa kwa jina la mwanamke au ni kwa jina la mume tu, kwa kuwa alipokuwa mdogo, Malindi ya Unguja, aliwasikia wakubwa wakisema kwamba bibi yake, mama wa baba yake, aliwahi kwenda kwa kadhi, na kila alipouliza alikwenda kufanya nini, aliambiwa akacheze nje.